Majani ya Kimya

Kipupwe hakibishi hodi Vihingo. Huingia kama paka wa jirani: unalala hakipo, unaamka umekikuta mlangoni kimekukodolea macho. Asubuhi hiyo Bi Mwanaamina alifungua mlango wa uani akaona ukungu umeshuka hadi kwenye mihogo, umelala juu ya majani kama shuka lililosahauliwa kuanuliwa. Umande ulidondoka kutoka kwenye bati bila haraka, tone likingoja tone. Kuku walikuwa wamejikunyata chini ya ngazi ya ghala, hata jogoo hakuona sababu ya kuwika.

Bi Mwanaamina alijifunga kanga ya pili juu ya ya kwanza, akatabasamu. Msimu wake ulikuwa umefika.

Wenye mikorosho wana msimu wao, wenye minanasi wana wao. Wake yeye ulikuwa huu wa makamasi na vikohozi, ambao wengine huuona balaa. Kipupwe kikiingia, wanawe wote, popote walipo, humpigia simu. Mama, kifua kinabana. Mama, watoto wanapiga chafya. Naye huingia msituni alfajiri, akachuma, akafunga fungu, akaenda kuwapigia nyungu: chungu cha maji ya moto yenye majani, shuka zito juu, familia nzima chini yake, mvuke ukiwapanda usoni hadi jasho liwatoke na vifua vifunguke. Mwaka mzima alikuwa mjane mwenye shamba dogo la mihogo. Kipupwe kikifika, alikuwa mlinzi wa vifua vya ukoo mzima.

Kabla ya kwenda msituni, siku ya kwanza ya baridi, alikuwa na jambo lake moja. Alifungua sanduku lililo mvunguni mwa kitanda, akatoa koti la marehemu mumewe, Mbaraka. Lilikuwa koti zito la kaki ambalo mzee alilivaa kila kipupwe hadi viwiko vikatoboka. Halikuwahi kufuliwa tangu afariki. Mwanaamina huliweka usoni mara moja tu kwa mwaka, kwa kuogopa kulimaliza. Ndani yake kulikuwa na karafuu, ambazo aliziweka mfukoni yeye mwenyewe kufukuza wadudu. Kulikuwa na moshi wa kuni. Na kulikuwa na kitu cha tatu ambacho hajapata kumtajia mtu.

Alijifunika nalo uso, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

Hewa iliingia. Ilikuwa baridi, na ilikuwa tupu.

Akavuta tena. Akatia mkono mfukoni, akatoa karafuu, akaitafuna. Ulimi ukawaka moto, lakini pua haikuambiwa kitu. Akakaa kitandani na koti mapajani, ukungu ukimchungulia dirishani.

Si kwamba hakujua. Tangu mafua makali yaliyompiga mwishoni mwa masika, dunia ilikuwa imemwondokea polepole puani. Kwanza mchuzi, kisha sabuni, kisha mbuzi, ambao yeye alizoea kuwatambua kabla hawajaonekana. Alijiambia itarudi. Pua ya Mwanaamina! Pua iliyomjulia Hamza, mwanawe wa mwisho, siku aliyokula samaki wa jirani akakana mbele ya msahafu! Itarudi tu. Lakini sasa kipupwe kimefika, na yeye amekaa na koti lisilomwambia kitu.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa hiki: majani ya nyungu hayachumwi kwa macho. Msituni mna majani yanayofanana kama mapacha, na pua ndiyo inayoyatenga. Wanawe wakijua kwamba pua yake imekufa, nani atampigia simu tena? Nani atamngoja kituoni Mlandizi na kumwambia, "Mama, afadhali umekuja"?

Simu ikalia. Aliruka kama aliyefumaniwa.

"Shikamoo mama." Alikuwa Atupele, mke wa Hamza, kutoka Kibaha.

"Marahaba, mama Rahma. Mbona sauti yako ina kamasi?"

"Siyo mimi tu, nyumba nzima. Rahma anakohoa tangu juzi, mwanao Hamza ndiyo usiseme, anakohoa kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Anauliza mama yake anakuja lini."

Mwanaamina alilitazama koti. "Kesho kutwa," akasema. "Chemsheni maji."

*

Atupele alikuwa mtu wa Tukuyu, alikotolewa na Hamza kwa ndoa ya bomani. Maneno yalisemwa pande zote mbili, yakachoka, yakanyamaza. Alikuwa na mashine ya kufuma masweta sebuleni, na kipupwe kilikuwa msimu wake pia. Masweta ya shule ya kijani, bluu na kahawia yalirundikana hadi juu ya kabati la vyombo. Mwanaamina alipofika aliyakuta yamekalia viti vyote.

"Mama, pole na safari. Sogeza hayo ukae."

"Nikae wapi, umefuma hadi viti! Na wewe mtu wa Tukuyu unaumwaje mafua kwa kibaridi hiki?"

"Kibaridi hiki kwetu tunaita joto, mama. Ndiyo maana kimenivamia, nilikuwa nimekidharau."

Wakacheka. Walikuwa wanapendana kwa namna ya watu wanaoshikana kwa ncha za vidole: kwa adabu, kwa utani, bila kugusana kiganja.

Mwanaamina alifungua fungu lake. Mchaichai alikuwa ameuchuma uani kwake, na majani ya mpera na ya mlimao aliyajua kwa macho. Kilichobaki ni kivumbasi, jani la msituni, ambalo ndilo roho ya nyungu. Bila lenyewe unachemsha maji tu. Alikuwa amelichuma kwa kubahatisha. Lilikuwa na umbo lake, lilikuwa na rangi yake. Alilitumbukiza chunguni.

Walikaa chini ya shuka, chungu katikati, kimeegemezwa kwa matofali kisije kupinduka. Hamza aliinamia mvuke, Atupele pembeni yake, na Rahma, binti yao wa miaka sita, mapajani mwa bibi, mbali na moto. Giza la chini ya shuka lilikuwa jekundu, kwa kuwa shuka lilikuwa jekundu na jua la Kibaha lilikuwa linalipenya. Kila mwaka Mwanaamina alikipenda kipindi hiki kuliko Idi. Nyuso za watu wake zilielea kwenye mvuke kama nyuso za ndotoni, kila mmoja akihema pumzi ya mwenzake.

Rahma alikunja uso.

"Bibi, leo nyungu inanuka kama maji ya kuoshea vyombo."

"Rahma! Adabu!" Hamza alisema, kisha akaanza kujifikicha macho. "Ila mama, leo ni kali. Inawasha."

"Kali ndiyo dawa," alisema Mwanaamina. Sauti yake mwenyewe aliisikia iko mbali.

"Achana na huyu mtoto, mama, pua yake imeziba," alisema Atupele. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka, na kupitia machozi hayo alikuwa anamtazama mama mkwe wake. Hakukuwa na lawama kwenye macho hayo. Yalitazama tu, kama mtu anayesikiliza.

Asubuhi yake Atupele alimpeleka mtoto zahanati. Walimpima kifua, wakasema ni mafua ya msimu, anywe vya moto, apumzike, na akianza kuhema haraka haraka arudishwe mara moja. Alirudi akamkuta Mwanaamina anafunga kanga zake kwenye mkoba.

"Unaondoka, mama?"

"Kuku wangu hawana mtu."

Atupele alikaa juu ya lundo la masweta ya kijani. "Shule zimefungwa. Oda zangu nimemaliza. Ukiniruhusu, twende wote Vihingo, mimi na Rahma. Nataka unifundishe kuchuma."

Mwanaamina alikaza fundo la mkoba. Angemkataliaje mkwe anayeomba kufundishwa? Na angemfundishaje?

"Msitu una kupe," alisema.

"Tukuyu nako wapo."

*

Majani ya nyungu huchumwa kimya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Mwanaamina na mama yake, naye na wa kwake. Tangu mguu unapovuka kizingiti alfajiri hadi majani yanapogusa maji ya chungu, mdomo hufungwa. Husalimii, huitikii, huulizi. Neno likikutoka, hata moja, unayaacha majani pale pale ulipo na kurudi mikono mitupu, mpaka alfajiri nyingine. "Mdomo ukiamka, pua husinzia," mama yake alikuwa akisema, na hakuongeza sababu nyingine.

Usiku waliofika Vihingo alimweleza Atupele yote hayo wakinywa uji wa moto.

"Hata mtu mzima nisimwamkie?"

"Hata nani."

"Mama, mimi nimelelewa kwa fimbo. Shikamoo hunitoka yenyewe, kama kwikwi."

"Basi meza kwikwi. Na kuna mzee mmoja njiani, Mwinyijuma, mtani wangu wa tangu ujana. Huyo kila kipupwe huamka mapema kusudi anitoe neno. Hajawahi kushinda. Usimtazame."

Walitoka wakati anga likiwa rangi ya majivu. Rahma walimwacha amelala chini ya koti la babu yake, ambalo Mwanaamina alikuwa amelitandaza juu ya blanketi bila kusema kwa nini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba njia ilijitengeneza mbele ya miguu yao hatua kwa hatua na kujifuta nyuma yao. Mibuyu na mikoche ilitokea, ikatazama, ikaondoka. Hakukuwa na sauti isipokuwa ya nyasi zilizolowa zikipangusa vifundo vya miguu.

Mwinyijuma alikuwa kwenye uzio wake na kikombe cha kahawa, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Bi Mwanaamina! Mbuzi wako wako kwenye kunde zangu!"

Kimya.

"Wanne! Na mmoja ananiita kwa jina!"

Mwanaamina alipita kama anayepita kisiki.

"Aa, na leo umeleta shahidi. Binti, wewe ndiye mkwe? Hujambo? Kwenu hawafundishi kuamkia wazee?"

Atupele alitetemeka mabega. Aliinama karibu kupiga magoti, akiwa amekaza midomo, akapita mbio kama aliyebanwa na haja. Nyuma yao Mwinyijuma alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Waliingia msituni. Hapo Mwanaamina alifanya alichokipanga: alimpa Atupele kikapu, naye akashika uongozi. Atachuma yeye, ataponda jani kwa vidole, atalipeleka puani kama kawaida, kisha atampa mkwe anuse, kama mwalimu anayempa mwanafunzi. Na kwenye uso wa mkwe atasoma jibu. Ilikuwa hila nzuri. Alikuwa ameitunga usiku kucha.

Mwanzoni ilienda vizuri. Jani la mkaratusi: uso wa Atupele ulifunguka kama dirisha. Jani la mwarobaini: pua ilikunjika. Gome fulani la kikohozi: Atupele alifumba macho, na Mwanaamina akaona kwamba ameondoka pale, ameenda mahali penye mvua nyingi na migomba na mtu wa kumwita kwa jina la utotoni. Alimwonea wivu. Siku nyingi hajapelekwa popote na jani.

Kisha wakafika kwenye uwazi ambapo kivumbasi huota. Huota pamoja na ndugu yake, jani lile lisilo na jina, lenye umbo lile lile na vinyweleo vile vile, ambalo kazi yake ni kuwasha macho ya watu. Mwanaamina aliinama, akachuma, akaponda, akapeleka puani. Hewa tupu. Akatia kikapuni akiwa amekaza uso kwa uhakika.

Atupele alilitoa. Alilinusa, akatikisa kichwa, akalitupa.

Mwanaamina aliliokota, akalirudisha.

Atupele alilitoa tena.

Walisimama hapo kwenye ukungu, wanawake wawili wazima, wakinyang'anyana jani bila sauti, kama watoto wanaogombea kitu ambacho mama yao amelala karibu nacho. Mwanaamina alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Nani huyu wa kuja kumwonyesha jani, hapa, kwenye uwazi ambao mama yake alimwonyesha akiwa hajaota matiti? Aling'oa shada zima, na mizizi na udongo, akalisukuma kikapuni.

Atupele aliweka kikapu chini. Alichuma jani moja kutoka kichaka hiki na jingine kutoka kile. Aliyaponda, moja katika kila kiganja. Halafu akanyanyua viganja vyake vyote viwili, taratibu, akavileta chini ya pua ya mama mkwe wake, kulia na kushoto. Akangoja. Macho yake yalikuwa yale yale ya chini ya shuka.

Alikuwa anajua.

Mwanaamina alivuta pumzi kwa kiganja cha kulia. Akavuta kwa kiganja cha kushoto. Mahali fulani ndege mmoja aliamka akauliza swali, hakujibiwa. Ilikuwa rahisi kuonyesha kimoja kwa kidole. Ilikuwa nusu kwa nusu, angeweza kupatia. Lakini alimwona Rahma chini ya shuka jekundu, amekunja uso, akimwamini.

"Sisikii," alisema.

Neno lilitoka likasimama kati yao kama mtu wa tatu.

"Sisikii harufu, mwanangu. Yoyote. Tangu masika."

Atupele hakushusha viganja. Alivifumba tu, akavifunga kwenye mikono ya Mwanaamina, majani ndani. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushikana hivyo.

"Najua, mama. Siku ile nyumbani Hamza alikuletea chai iliyoungua maziwa. Nyumba nzima tulifungua madirisha. Wewe ulikunywa ukasema imekolea."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mkwe amwambie mama mkwe pua yako imekufa? Kwetu ningerudishwa na mabegi yangu."

"Na kwetu vilevile," alisema Mwanaamina. Kicheko kilimtoka kikiwa kimelowa. Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Sasa mtaniitia nini huko mjini? Kuja kufanya nini?"

"Pua ninayo, mama, lakini njia siijui. Leo ungeniacha hapa peke yangu ningetokea Mzenga." Atupele aliongeza kwa sauti ya chini, "Na sikuomba kuja kwa sababu ya majani. Mwaka wa ngapi huu ninakaa chini ya shuka lenu kama mgeni, sijui ndani ya chungu mna nini? Nilitaka nijue."

Ukungu ulitikisika. Sauti ikaja kutoka njiani, ya mzee aliyewafuata polepole na kikombe chake.

"Kasema! Wallahi Bi Mwanaamina kasema! Miaka yote hii!"

"Nimesema, Mwinyijuma!" Mwanaamina alipaza sauti. "Na sasa ninasema jingine: nenda nyumbani ukavae viatu, usije kunifia kwa nimonia nikakosa wa kumnyamazia!"

Mzee alicheka, lakini alipowakaribia na kuwaona nyuso, alikoma. Alivua kofia yake ya sufu, akaigeuza geuza mikononi. "Basi," alisema. "Hii siihesabu." Akarudi alikotoka.

Waliyamwaga majani ya kikapuni pale pale kwenye uwazi, kama inavyotakiwa, wakarudi mikono mitupu wakiongea njia nzima. Mwanaamina alimwelekeza kila kona. Hapa kwenye mkoche uliopinda unaacha njia. Hapa unasikia kijito, usikivuke. Majani ya juani ni makali, unachukua ya kivulini. Unachuma ncha, shina unaliachia msitu. Aliongea kama mtu anayehamisha vyombo kutoka nyumba moja hadi nyingine, akihofia kusahau kijiko.

*

Alfajiri iliyofuata Atupele alitoka peke yake.

Mwanaamina alikaa jikoni mbele ya mafiga, chungu cha maji kikianza kunong'ona. Rahma alikaa mapajani mwake, amefunikwa koti. Kikohozi chake kilikuwa kimelegea, lakini bado kilimtikisa kila baada ya muda, na kila kilipomtikisa mtoto kilimtikisa bibi.

"Mama kaenda wapi?"

"Kaenda kuchuma."

"Atapotea?"

"Hapotei."

"Wewe mbona hujaenda?"

Mwanaamina alifikiri. "Leo mimi ndiye ninayengojwa nyumbani," alisema, kisha akaona amekosea akajirekebisha. "Ndiye ninayengoja."

Hakuwahi kujua kwamba kungoja kuna sauti nyingi hivyo. Alisikia umande, kuku, maji. Akamsikia Mwinyijuma kwa mbali, kwenye uzio wake.

"Binti! Nyumba ya mama mkwe wako inaungua!"

Mwanaamina alitega sikio. Kimya.

"Binti, mimi ni sawa na babu yako! Shikamoo yangu iko wapi?"

Kimya. Halafu sauti ya mzee, ikiwa na furaha ya aliyeshindwa vizuri: "Haya! Ndiye mama mkwe wake yule yule!"

Mlango wa uani ukasukumwa. Atupele aliingia na ukungu begani, nywele zimelowa, sketi imejaa mbegu za nyasi. Mwanaamina alijisahau.

"Umerudi, mwanangu?"

Atupele hakujibu. Alimtazama tu, macho yakicheka, midomo imekazwa kama mfuko uliofungwa. Alipita katikati ya jikoni, akapiga magoti mbele ya chungu, akachukua majani kikapuni kwa fungu, akayatumbukiza. Maji yaliyapokea. Ndipo alipogeuka, bado yuko magotini, akashusha pumzi ndefu aliyokuwa ameibeba tangu msituni.

"Shikamoo, mama."

Mwanaamina alimpangusa umande begani. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Walikaa chini ya shuka watatu. Mvuke ulipanda ukawafuta sura, ukawarudishia, ukawafuta tena. Mwanaamina aliusikia kwa ngozi, kwa kope, kwa jasho lililomshuka shingoni. Pua yake ilikaa kimya kama chumba ambacho mtu amehama. Alingoja huzuni imjie, ikaja, lakini haikukaa peke yake.

"Bibi!" Rahma alipiga kelele. "Leo inanukia!"

"Inanukiaje?"

"Inanukia kama..." Mtoto alivuta kamasi, akafikiri kwa nguvu zake zote. "Kama mwaka jana."

Walipotoka nje ya shuka, wamelowa jasho, Rahma alilala palepale mkekani, akihema kwa utulivu. Atupele alisema polepole kwamba aliwahi kusikia pua ya mtu baada ya mafua inaweza kurudi, na kwamba wiki ijayo watakwenda pamoja hospitali wakaulize. Mwanaamina alikubali kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa kwingine. Aliliokota koti la kaki kutoka kando ya mtoto, akalishika kwa mikono miwili.

"Nina kazi nyingine ya pua yako," alisema. "Ninusie hili. Uniambie."

Atupele alilipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ni la nani. Alijifunika nalo uso, akafumba macho, na mabega yake yakapanda na kushuka.

"Karafuu," alisema ndani ya kitambaa. "Nyingi."

"Eeh."

"Moshi wa kuni. Siyo wa jikoni. Ni kama wa nje, wa mtu aliyekaa karibu na moto shambani."

"Eeh. Alikuwa akifukuza ngedere."

Atupele aligeuza koti. Alinusa tena, upande wa kola. Alipoinua uso, ulikuwa na mashaka.

"Mama, samahani. Pengine ninakosea. Hamza aliniambia marehemu baba alikuwa mtu wa dini sana, tangu ujana hakugusa kitu. Lakini naona kuna... kuna tumbaku. Kidogo. Hapa shingoni."

Mwanaamina alijishika mdomo. Kicheko kilianzia mbali, tumboni, kikapanda hadi kikamtikisa mwili mzima, kikageuka kikohozi, kikageuka kicheko tena. Miaka yote ya ndoa yao Mbaraka alivuta sigara moja tu kwa siku, nyuma ya ghala, akasukutua mdomo, akatafuna jani la mlimao, akaingia ndani na uso wa malaika. Alikufa akiamini mkewe hajui. Wanawe hawakujua. Hakuna mtu duniani aliyejua, ila yeye na pua yake.

"Nimekosea, mama?"

"Hukukosea." Aliyafuta macho kwa kanga. Alimvuta mkwe wake karibu, mpaka koti likawa limewafunika magoti wote wawili. Nje, ukungu ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye mihogo. "Endelea kunusa, mwanangu. Usiende haraka. Niambie alikuwa amekaa wapi."